Piko Kichwani

Mjukuu wangu, juzi ulinikuta uani najipaka piko ukacheka: mzee wa miaka 74 anatafuta mke! Nikacheka nawe. Lakini unajua kwa nini wazee wa Kilifi tunapaka piko. Huku mvi ni ushahidi tosha. Mtoto akifa ghafla, anatafutwa mwenye kichwa cheupe. Wenzangu wamekatwa mapanga kwa uchawi wasioujua, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma kule Ganze, mbali na mashamba yao. Basi nikikwambia najua kuishi nikificha jambo nisilolichagua, niamini.

Usiku ule, mnazi ukiwa umekuingia, uliniambia moyo wako huenda kwa wanawake na kwa wanaume pia. Asubuhi ukajifanya umesahau, nami nikajifanya sikusikia. Nilikosea. Leo nakujibu.

Kwanza, lile korongo la Nyari. Najua kuna anayekutisha kwamba watu kama wewe ndio watakaotufanya tumezwe na ardhi, kama lilivyomezwa lile boma la matajiri. Kisa hicho nilisimuliwa na tsawe, babu yangu, palepale ukingoni, jua likichwea na kuta zikiwa nyekundu. Watu wale walizama kwa sababu walioga maziwa. Maziwa! Hakuna aliyeuliza nani alilala na nani.

Tabu yako naiona ina ncha mbili. Ukionekana na mchumba wako, wanaokushuku wanasema umepona, kana kwamba ulikuwa na homa. Ukienda Mtwapa, wale uliodhani ni wenzako wanakuita mwoga anayejificha nyuma ya leso ya mwanamke. Huku huaminiki na kule huaminiki. Watafiti wa ng'ambo wameona mara nyingi kwamba watu wa namna yako hulemewa na huzuni kuliko hata wanaopenda wanaume pekee, wala sikushangaa. Na hapa pwani si wewe peke yako: wanaume wapendao wanaume waliohudumiwa na KEMRI Mtwapa, kliniki iliyovamiwa na kundi la watu Februari 2010, wengi walikuwa na wapenzi wa kike vilevile.

Mchumba wako unampenda, sioni uongo hapo. Ila usimuoe ili watu wanyamaze.

Sasa hali yako. Muguka mchana kutwa, usiku hulali, mpira umeuacha, mahindi yamemezwa na magugu. Usiende kupunga pepo. Hospitalini hali hii huitwa sonona, nayo hutibika. Miili ya waumini waliokufa Shakahola ilipofukuliwa mwaka 2023, washauri nasaha walikuja Malindi, na watu wazima waliozoea kuambiana "jikaze" wakapata wa kuwasikiliza. Siku ya kwanza si lazima useme unampenda nani. Sema hulali. Mengine utayatoa ukishampima anayekusikiliza.

Sheria inakutisha, najua. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kina miaka 14 jela, na Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa tarehe 24 Mei 2019. Lakini kinaadhibu tendo. Hakuna kifungu cha kumfunga mtu kwa kulia mbele ya muuguzi.

Ile kamba ya mbuzi niliyoikuta chini ya godoro lako nimeichukua. Sitazunguka mbuyu: ulitaka kujiua? Nijibu mimi, hata kwa kutikisa kichwa. Usiogope kwamba nitakupeleka polisi. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Na hata kabla ya hapo nisingekupeleka.

Kesho alfajiri tunapanda matatu ya Malindi. Leo usiku utalala chumbani kwangu. Wakituuliza stejini tunakwenda wapi, nitasema ni mimi mgonjwa, na wewe umenisindikiza.