Moshi Mweupe na Haki ya Kusema "Najua"

Wanamantiki wa Kihindu wa madhehebu ya Nyaya walijadili kwa karne nyingi mfano mmoja: mlimani kuna moshi, basi mlimani kuna moto. Sisi tunayo hukumu hiyohiyo katika methali, na jikoni haituangushi. Lakini mfano huo ulizua swali: utajuaje kwamba ulichokiona ni moshi, wala si ukungu? Swali hilo bado linaishi gereji. Wingu jeupe la ekzosi mara nyingi ni mvuke, na habari linayoileta ni ya maji.

Maji hayo yametoka wapi? Petroli ikiungua huzaa maji, lita moja ikitoa karibu lita moja. Asubuhi ya baridi kule Njombe au Limuru mvuke huo huonekana waziwazi, kisha hupotea bomba likipata joto. Hapo hakuna ugonjwa. Mvuke usiokoma, wenye harufu tamutamu, huku maji ya rejeta yakipungua na chini hakuna tone, humfanya mtu ashuku gasketi ya silinda hedi, au hedi iliyopinda, au ufa kwenye bloku. Kwenye dizeli, nozeli mbovu au kompresheni hafifu hutoa weupe mwingine, wa mafuta yasiyoungua, unaowasha macho. Nadai kwamba anayetazama wingu hilo hana haki ya kusema "najua" mpaka afanye jaribio ambalo lingeweza kumuumbua. Kurundika dalili zinazoafiki dhana yake hakutoshi, maana huenda zinaafiki dhana nyingine tatu vilevile.

Fundi mzoefu atacheka. Ameona magari mengi, jicho lake linatosha. Pingamizi hili ni zito, na jibu lake lina mizizi ya zamani: katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, Imamu Ghazali alisema kwamba pamba ikiguswa na moto, tunachoshuhudia ni kuungua kunakoandamana na mguso ule; kwamba moto ndio uliounguza, jicho halikuliona hilo. Sihitaji kumfuata Ghazali hadi mwisho wa hoja yake ili nikubali kwamba mazoea hayajithibitishi yenyewe. Tazama uzoefu wa gereji unavyopatikana. Fundi akishafungua hedi, huweka gasketi mpya, hupeleka hedi kusawazishwa, hujaza kulanti mpya, hukaza boliti upya, vyote kwa mkupuo. Moshi ukikoma, sifa yote huenda kwa gasketi. Na injini ambayo haikufunguliwa haimfundishi kitu. Jicho la namna hiyo linaweza kukomaa miaka mingi bila kusahihishwa hata mara moja.

Wengine watasema kwamba kudai yakini ni anasa ya wasio na kazi, kwani mteja anataka gari lake Jumatatu. Ni kweli, na yakini siidai. Ninachodai ni uzito wa uchunguzi ulingane na gharama ya kukosea, hasa kwa kuwa gharama hiyo hailipwi na anayekisia. Pampu ya presha ikifungwa kwenye rejeta, injini ikiwa baridi, huonyesha kama mfumo unavuja. Ipo pia dawa ya buluu: hewa ya juu ya rejeta hupitishwa ndani yake, na ikiwa ina gesi ya mwako, buluu hugeuka njano. Ikibaki buluu, dhana ya gasketi imetikiswa, ingawa uvujaji mdogo unaweza kujificha na jaribio likahitaji kurudiwa injini ikiwa imepata joto. Ikigeuka njano, imesema tu kwamba gesi ya mwako imeingia kwenye maji. Gasketi iliyoungua na hedi iliyopasuka hutoa njano ileile. Kuzitofautisha kunahitaji hedi ishushwe, ilazwe mezani na kuwekewa rula ya chuma. Kupinda huonekana hapo, lakini ufa mwembamba mara nyingi hujificha mpaka hedi nayo ijaribiwe kwa presha.