Kusema Mtandaoni, Kuamua Bungeni

Sheria humfunga hata asiyeikubali, ndiyo maana swali la nani aitunge lilikuwa la wanafalsafa kabla ya kuwa la wanasheria. Mwaka 1762 Jean-Jacques Rousseau alishikilia kuwa sheria ambayo wananchi wenyewe hawakuiridhia si sheria. Waingereza, kwa hesabu yake, walikuwa huru siku za kuchagua wabunge tu. Miaka 12 baadaye Edmund Burke aliwaambia wapiga kura wa Bristol kinyume chake: mbunge hutumwa na watu, lakini akili ya kuamua ni yake. Wazo la Burke lilitawala kwa muda mrefu kwa sababu nyepesi tu, kwamba taifa zima halienei barazani. Intaneti imeuondoa udhuru huo.

Iceland ilijaribu. Benki zake kuu zilianguka mwaka 2008, na mwaka 2011 nchi hiyo ya watu wapatao 320,000 ikawapa watu 25 wasio wabunge kazi ya kuandika katiba mpya. Rasimu iliwekwa mtandaoni kila ilipopiga hatua, hata kwenye Facebook, na maoni yakamiminika kwa maelfu. Baraza la watu hao 25 likaipitisha kwa kauli moja. Katika kura ya maoni ya Oktoba 2012, thuluthi mbili hivi ya waliopiga kura walitaka rasimu hiyo iwe msingi wa katiba. Bunge likamaliza muhula wake mwaka 2013 bila kuipitisha. Kusema kulihamia mtandaoni, kuamua kukabaki kulikokuwa.

Wapo wanaoona ilifaa uamuzi ubaki bungeni, kwani anayeandika mtandaoni si taifa: asiye na bando na anayeshinda shambani hawamo. Hoja ni ya kweli, ila haimpi mbunge ruhusa ya kunyamaza. Aliyeombwa maoni hadai lazima afuatwe; anadai jibu, na bila jibu maoni yake ni barua iliyotupwa kisimani.

Nchini Kenya, Ibara ya 118 ya Katiba ya 2010 inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi. Juni 2024 vijana waliuchambua Mswada wa Fedha kwenye X na TikTok, wengine kwa lugha za nyumbani. Tarehe 26, siku moja baada ya waandamanaji waliopinga mswada huo kuingia Bungeni na baadhi yao kuuawa, Rais William Ruto alikataa kuutia saini. Hapo pia mtandao ulifundisha tu. Barabara ndiyo iliyoamua. Mwezi uliofuata Mahakama ya Rufaa ilibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, ikisema, pamoja na mengine, kwamba Bunge lina wajibu wa kueleza kwa nini limeyakubali au kuyakataa maoni ya wananchi. Oktoba 29 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo: kutoa sababu kwa maandishi ni desturi njema, lakini si sharti.