Mwenye Ardhi na Wasii Wake

Fuqahaa wetu wameieleza wazi hukumu ya mali ya yatima. Wasii huilinda mali hiyo wala haili kwa dhulma. Na yatima akishabaleghe na kuonekana ana busara, hukabidhiwa chake mbele ya mashahidi. Swali letu leo ni hili: je, yajuzu watu wazima wenye akili timamu kufanywa mayatima juu ya ardhi ya baba zao?

Jambo hili limetokea katika nchi yetu. Sheria ya mwaka 1915 iliihesabu ardhi ya Waafrika kuwa ni ya Mfalme wa Uingereza, na mwaka 1921 mahakama ikahukumu kuwa wenyeji ni wapangaji wake tu, wakaao kwa hiari yake. Mwaka 1930 ikatungwa sheria nyingine, iliyoahidi kuwa rizavu zitabaki kwa manufaa ya wenyeji milele. Na kikitolewa kipande, wenyewe waulizwe kwanza na wapewe ardhi nyingine badala yake. Ilipoonekana dhahabu Kakamega, ahadi hiyo ilivunjwa: mwaka 1932 sheria ikabadilishwa, ardhi ikawezekana kutolewa pasi na kuwauliza wala kuwapa ardhi ya badala. Milele ile haikutimia miaka mitatu.

Tuangalie kosa liko wapi. Maneno ya ahadi yalikuwa mazuri, lakini ufunguo ulibaki mkononi mwa wasii, na wasii huyo alijiteua mwenyewe. Asiyeweza kukataa chake kisichukuliwe, hakika hakumiliki.

Watasema baadhi ya watu: wenyeji wakiachiwa ardhi yao wataiuza, au watadanganywa. Twajibu: safihi huwekewa hajri baada ya usafihi wake kuthibiti kwa vitendo vyake, mtu mmoja mmoja. Hatujapata kusikia hajri ya kabila zima, mjinga na mwerevu, mzee na kijana.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 amana hiyo ilihamia kwa mabaraza ya wilaya, na wengi wa waliokabidhiwa walifanya khiyana, wakagawa ardhi za watu kama sadaka ya mali yao. Katiba ya mwaka 2010 ikaitambua ardhi ya jamii, na sheria ya mwaka 2016 ikaweka njia: jamii ijiandikishe, ichague kamati ya watu 7 hadi 15, wala ardhi isitolewe ila wakubali thuluthi mbili ya watu wazima walioandikishwa, wanaume kwa wanawake. Ardhi isiyoandikishwa bado hushikwa kwa amana na serikali ya kaunti. Basi yatima ameambiwa amebaleghe. Asipokwenda kudai, mali itabaki kwa wasii.

Lakini tahadhari! Mwenyekiti wa kamati naye ni wakili, si mwenye mali. Akitia sahihi usiku na kampuni, na wenziwe wakapata habari wanapoona tingatinga, huyo ni wasii yule yule, amebadilisha kanzu tu. Kujitawala katika ardhi ni kuulizana, kuandika, na kutoa hesabu hadharani.

Nasi watu wa mjini tusijifanye mahakimu tusio na kesi. Chini ya sheria ya hati ya mwaka 1908, ardhi nyingi ya ukanda huu wa pwani iliandikwa kwa majina ya walioweza kufika mbele ya afisa na madai yao. Na Wamijikenda wengi, waliolima na kuzika wazee wao pale pale, wakaitwa maskwota. Baadhi ya hati hizo zimo masandukuni mwa majumba yetu. Hati humnyamazisha karani. Haimnyamazishi aliyedhulumiwa, wala haifuti dhima mbele ya Mola. Mwenye hati na ajiulize leo, kabla hajaulizwa.

Wabillahi tawfiq.