UMEPENDEZA PICHANI. JE, UMEOSHWA?

Kijana mwenzangu, usiitupe karatasi hii. Isome mpaka mwisho, ni dakika chache tu. Haikupewa kwa bahati mbaya.

Kila Desemba mabasi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi yanajaa. Watu wanarudi nyumbani kula sikukuu. Na siku yenyewe ya Krismasi, watu wakishakula nyama, jambo moja halikosekani: PICHA YA UKOO. Babu na Bibi wanakaa katikati, watoto chini, vijana nyuma. Kila msichana anataka uso utakaokaa tangu asubuhi mpaka usiku bila kuyeyuka.

Mimi nilikuwa mmoja wao, na kazi hii naijua. Kwanza unaosha uso. Unapaka mafuta mepesi na kusubiri yaingie. Fondesheni unaipaka kidogo kidogo, tabaka jembamba, mpaka shingoni, usije ukawa na uso wa mtu mmoja na shingo ya mwingine. Halafu poda, maana ndiyo inayonyonya mafuta ya ngozi na kuishika fondesheni isihame. Wanja uwe ule usioogopa maji. Jasho likija husugui, unagandamiza taratibu kwa kitambaa. Hapo hata jua la mchana halikutishi.

USO WANGU ULIPOGEUKA MAJIVU

Mwaka mmoja nilikwenda nyumbani nikiwa na siri. Mama alikuwa ameuza ng'ombe ili nipate ada ya chuo. Ile ada niliila mjini: nguo, saluni, starehe. Chuo nilikuwa nimeacha miezi saba. Kila Mama akipiga simu namwambia, "Nasoma, Mama." Basi siku ile nikajipodoa kuliko siku zote. Nilijua Mama akiyaona macho yangu yalivyochoka, ataniuliza.

Giza lilipoingia tukajipanga. Kaka akapiga picha kwa simu, mwanga ukawaka pwaa! Tukakusanyika kuangalia. Wenzangu wote wametoka vizuri. Mimi nimetoka mweupe kama mtu aliyemwagiwa majivu! Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini.

Baadaye nilijua sababu. Zipo poda zenye chembe za madini yanayorudisha mwanga, kama dioksidi ya titani, ile ile inayotiwa kwenye rangi nyeupe ya kuta. Kwenye kioo cha chumbani huoni kitu. Mwanga mkali ukikupiga ana kwa ana, unga wote unajitokeza.

Mama hakucheka. Aliiangalia ile picha kwa muda mrefu, kisha akaniangalia mimi. Akasema kwa upole, "Mwanangu, unaficha nini?"

We acha tu! Usiku ule sikulala.

KAMERA ILISOGEA KARIBU

Hebu sikia jambo hili. Zamani waigizaji wa jukwaani walipaka usoni rangi nzito. Ikikauka inapasuka nyufa, lakini mtu aliyekaa viti vya nyuma haoni. Zikaja sinema. Kamera ikamsogelea mwigizaji, nyufa zote zikaonekana. Ndipo mwaka 1914, huko Los Angeles, Marekani, fundi mhamiaji aitwaye Max Factor akatengeneza rangi nyepesi zaidi kwa ajili ya kamera. Rangi ya zamani ilifaa kwa jicho la mbali tu. Kwa jicho la karibu haikufaa.

Kijana, wanadamu wanakuona kutoka viti vya nyuma. Mungu yuko karibu! Nabii Samweli alipofika nyumbani kwa Yese alimwona Eliabu, kijana mrefu wa sura nzuri, akadhani huyu ndiye mfalme. Mungu akamkatalia, akamfundisha kwamba mwanadamu hutazama sura, bali Yeye huutazama moyo (1 Samweli 16:7). Na Bwana Yesu aliwafananisha wanafiki na makaburi yaliyopakwa chokaa: nje yanapendeza, ndani mifupa na uozo (Mathayo 23:27).

Kaka, usicheke ukadhani haya ni ya akina dada. Na wewe una poda yako. Viatu vya kuazima, maneno makubwa kijiweni, kicheko cha nguvu ili watu wasijue kwamba usiku unalia. Hiyo nayo ni kujipodoa.

MUNGU HAPAKI, ANAOSHA

Sikuandika karatasi hii kukuchapa kwa sababu ya wanja. Ukifuta wanja wako leo na dhambi ikabaki moyoni, umekuwa tu mwenye dhambi asiye na wanja. Shida si kilichoko usoni. Shida ni kile unachokifunika.

Kumbuka hatua ya kwanza niliyokuambia: KUOSHA. Hakuna fundi wa urembo anayepaka juu ya uchafu. Basi mbona maisha yako umeanzia kwenye kupaka? Umepaka dini ya sikukuu juu ya uongo. Umepaka tabasamu juu ya uchungu. Haitakaa! Damu ya Yesu Kristo haifuniki dhambi ili ionekane nzuri. Inaisafisha, inaiondoa (1 Yohana 1:7-9).

Labda unasema, "Ngoja kwanza nijitengeneze, halafu nitakuja." Hapana! Yule mwana mpotevu wa Luka 15 alirudi akitoka kulisha nguruwe. Hakupitia saluni. Baba yake alimkimbilia, akamkumbatia na uchafu wake, ndipo likaletwa vazi jipya.

Alfajiri ile nilipiga magoti pembeni ya kitanda, nikamwambia Yesu kila kitu. Kisha nikaosha uso, nikaenda jikoni nikamwambia Mama. Alilia sana. Ng'ombe hakurudi. Nilimlipa Mama kidogo kidogo kwa miaka miwili, nikiuza vitumbua. Lakini tangu siku ile nikiulizwa, "Unaficha nini?", sina cha kuficha. Haleluya!

Ile picha ya majivu Mama bado anayo. Kila nikiiona namshukuru Mungu kwa mwanga ule.

UTAFANYA NINI?

Iko siku kila mtu atasimama mbele za Mungu, na mwanga wake hauna kivuli. Siku hiyo poda haitasaidia. Leo mlango wa neema uko wazi. Kesho si yako. Sema sala hii kwa moyo wako wote:

"Bwana Yesu, ninakuja kwako jinsi nilivyo. Nimetenda dhambi, na nimeificha. Leo ninaifunua mbele zako. Nioshe kwa damu yako. Ingia moyoni mwangu, uwe Bwana na Mwokozi wangu. Nipe nguvu ya kuwaambia ukweli wale niliowadanganya. Nakataa maisha ya zamani. Asante kwa kunisamehe. Amina."

Umeisema kwa imani? Basi umeokoka! Usiondoke uwanjani kimya kimya. Njoo mbele, umwone mhudumu aombe pamoja nawe. Anza kusoma Injili ya Yohana, na utafute kanisa linalohubiri wokovu.

Kisha nenda nyumbani. Yupo mtu anayeungojea uso wako halisi.

YESU ANAKUPENDA. UKIMALIZA KUSOMA, MPE MWENZAKO.