Akili ya Kizazi ni Deni la Waliokitangulia

Kwenye vijiwe vya kahawa, ndani ya daladala na katika ofisi za walimu, hukumu ni ile ile: vijana wa siku hizi hawana akili. Hawawezi kujumlisha bila simu, hawasomi, hawakumbuki hata namba ya mama yao. Lawama hii ina umri mkubwa. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita Plato aliandika kisa cha mfalme wa Misri aliyehofu kwamba maandishi yatawalemaza watu kumbukumbu. Lakini lawama kuwa ya kale hakuifanyi kuwa ya uongo, wala ya kweli. Inapaswa kupimwa.

Waliojaribu kuipima walikuta kinyume cha walichotarajia wengi. Mwaka 1987 James Flynn, msomi wa New Zealand, alichapisha matokeo ya vipimo vya akili kutoka nchi 14, na yalionyesha kuwa vijana waliwashinda waliowatangulia. Nchini Marekani alama zilikuwa zikipanda kwa takriban 3 kila miaka 10. Hapo wazee wanapoteza kesi yao, ila ushindi wa vijana nao una kasoro. Tukiurudisha mwendo huo nyuma hadi mwaka 1900, Mmarekani wa kawaida wa wakati ule, akipimwa kwa kipimo cha leo, angehesabiwa kuwa na upungufu wa akili. Hilo haliwezekani. Watu wale walilima, walijenga reli, waliendesha biashara na kulea familia. Flynn mwenyewe alilikataa hitimisho hilo. Alieleza kuwa shule na kazi za kisasa zimewazoesha watu kufikiri juu ya mambo ya kudhania na maumbo yasiyo na mwili, na hicho ndicho vipimo vinachodai.

Kwa hiyo tuulize swali jingine: alama hizo hupanda na kushuka kwa sababu gani? Mwaka 1984 watafiti waliwapima watoto wadogo wa vijijini huko Embu, Kenya, kisha mwaka 1998 wakawapima wengine wa umri huo huo. Kipimo kilikuwa hivi: mtoto huwekewa picha ya nakshi iliyokatwa kipande, na chini yake vipande sita. Achague kinachoziba pengo. Watoto wa 1998 waliwaacha mbali wenzao wa 1984. Miaka 14 haitoshi kubadili damu ya watu. Kilichobadilika ni kwamba wazazi wengi zaidi walijua kusoma, familia zilipungua ukubwa, na watoto walikula vizuri zaidi.

Norwei inatupa upande wa pili. Huko vijana wanaoitwa jeshini hupimwa akili, na alama zilipanda kwa miaka mingi hadi kwa waliozaliwa katikati ya miaka ya 1970, kisha zikaanza kushuka. Wapo waliotaka kusema kwamba ukoo fulani au wageni ndio wanaoiteremsha nchi. Lakini mwaka 2018 Bernt Bratsberg na Ole Rogeberg walilinganisha ndugu wa familia moja, wakakuta mteremko ule ule ndani ya nyumba zenyewe. Baba ni yule yule, mama ni yule yule, na bado mdogo anapata pungufu ya kaka yake. Basi kilichopungua hakikuwa katika mbegu. Kilikuwa katika mazingira yaliyomlea.

Hapa ndipo lawama inapogeuka na kumrudia mlalamikaji. Kipo kisichohitaji hata mjadala: mama mjamzito akikosa madini joto, ubongo wa mtoto tumboni unaweza kudhurika maisha yake yote, na kinga yake ni chumvi ya jikoni iliyotiwa madini hayo. Mtoto hachagui chumvi. Hachagui darasa la wanafunzi mia moja, wala mwalimu wa kukariri, wala nyumba isiyo na kitabu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na methali hiyo haikuacha akili nje.

Sisemi kwamba hakuna kinachopotea. Bibi hutazama shina na majani ya mhogo akajua kuwa huu ni mchungu, hauliwi mpaka ulowekwe na kuanikwa. Mjukuu akiachiwa shamba hilo anaweza kuila sumu. Lakini ujumbe ukiingia kwenye simu, “ile hela tuma kwenye namba hii”, ni bibi anayetetemeka na kutaka kutuma, na ni mjukuu anayesoma mara moja tu akasema, “Bibi, huyu tapeli, futa.” Kila mmoja ni hodari pale alipofunzwa na maisha, na ni mjinga pale ambapo hakufunzwa. Aliyejua mhogo na asimpeleke mjukuu shambani ndiye aliyeukata uzi wa elimu hiyo.

Kijana naye akishakuwa mtu mzima hana tena kisingizio. Akili aliyopewa ni yake kuitunza, na anayekubali kufikiriwa na simu kila siku asimtupie mzazi lawama zote. Hata hivyo zamu ya kwanza si yake. Anayelalamika kwamba watoto hawasomi, awasomee leo jioni. Anayesikitika kwamba hawajui mimea, nyota wala historia ya ukoo, awaite awafundishe wakati bado ana pumzi. Anayeketi kwenye kamati ya shule au bungeni, adai uji wa wanafunzi na vitabu kabla ya kudai heshima ya vijana. Akili ya kizazi huanza kujengwa na waliokitangulia, na mjenzi haitupii lawama nyumba aliyoijenga.