Mita 3 na Sentimita 60

Mlango wetu wa uani, hapa Mbagala, una ngazi mbili. Nimeishi kwenye nyumba hii zaidi ya miaka 20 na sikuwahi kuzihesabu. Nilizihesabu siku Mama aliporudi kutoka hospitali na mguu mmoja. Kisukari kilikuwa kimeuchukua ule mwingine. Alirudi na kiti cha magurudumu, na choo chetu kiko nje.

Mwanzoni tulikuwa tunambeba. Mdogo wangu anashika mbele, mimi nashika nyuma, moja, mbili, tatu, Mama yuko chini. Kisha mita 8 za mchanga hadi chooni. Mchanga wa Mbagala si unaujua? Yale magurudumu madogo ya mbele yanazama, kiti kinagoma, basi tunambeba tena. Majirani wakatusifia: mama huyu ana watoto. Nami, kwa kweli, nilizipenda sifa zile.

Baada ya mwezi hivi niligundua kwamba Mama ameacha chai ya asubuhi. Maji nayo anakunywa funda mbili tu. Nikamuuliza. Akasema hana kiu. Mtu wa kisukari, joto la Dar es Salaam, eti hana kiu! Alikuwa anajinyima maji ili asituite.

Hapo nikamwita fundi. Akapima kwa macho, akasema, "Bosi, mteremko wa mita moja na nusu unatosha. Si utakuwa unamsukuma?" Nimekaa na swali hilo muda mrefu kuliko lilivyostahili, maana ndani yake kuna jambo zima la utu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kipimo kinachofuatwa sehemu nyingi duniani ni 1 kwa 12: ukipanda sentimita moja, uende mbele sentimita 12. Ngazi zetu ni sentimita 15 kila moja, jumla 30. Zidisha mara 12, unapata mita 3 na sentimita 60. Mteremko wa fundi ungekuwa 1 kwa 5. Kwenye mteremko huo Mama asingeweza kupanda mwenyewe, na kushuka peke yake kungekuwa hatari. Tofauti ya gharama, kwa hesabu ya fundi, ilikuwa mifuko miwili ya saruji, tofali kadhaa za pembeni na kazi ya siku moja. Kwa familia inayonunua dawa kila mwezi, hiyo si hela ndogo.

Sasa, wapo watakaosema kwamba hili la kila mtu kujitegemea si letu. Sisi tunabebana. Mzee hasukumi kiti chake wakati watoto wapo, ni aibu. Hoja hii siidharau, nimelelewa ndani yake. Siku moja nilimwambia Mama maneno hayohayo: ulinibeba mgongoni, leo zamu yangu. Akacheka. Akasema, "Nilikubeba, ndiyo. Lakini nilikuwa nakushusha, mwanangu. Ungekaa mgongoni mpaka leo ungenishukuru?"

Sisi wapenzi wa lugha tuna pa kujifunzia hapa. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: Kiswahili kimeyapanga majina haya pamoja na kiti na kikapu. Ni kweli kiongozi na kijana nao wamo humo, kwa hiyo tusiseme ngeli nzima ni tusi. Lakini tazama kinachotokea jina likikutana na kitenzi. Hatusemi "kiwete kimefika". Tunasema "kiwete amefika". Jina linaweza kumweka mtu karibu na vitu, lakini akishatenda, sarufi inamrudisha kwa watu. Na mtu anayefanyiwa kila kitu, kubebwa, kushushwa, kusogezwa, tumemwachia kitenzi gani cha kwake?

Ndiyo maana nadhani njia si hisani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inadai majengo yanayotumiwa na umma yafikike. Uani kwangu hakuna mkaguzi. Pale kuna mimi, Mama, na zile mita 3 na sentimita 60. Tunapenda kusema "hujafa hujaumbika", na tunaisema kwa hofu, kama kwamba sababu ya kumjengea mwenzako ni wewe kuogopa zamu yako. Hata kama zamu yangu isingefika kamwe, Mama angekuwa na kiu.

Tukabana kwingine. Kifusi cha ukuta wa jirani kikawa cha kujazia. Mlango wa choo ulikuwa sentimita 60 na kiti ni 65, kwa hiyo tuliubomoa kwanza. Ingekuwa kichekesho kujenga njia hadi kwenye mlango usioingilika. Zege tukachanganya kwa ndoo: saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Upana sentimita 90, na mlangoni pa uani jukwaa la kugeuzia kiti. Kabla halijakauka fundi akapitisha ufagio mgumu juu yake ili magurudumu yasiteleze mvua ikinyesha. Siku 7 tukamwagilia maji. Mama ndiye aliyekuwa anazihesabu.

Usiku wa siku aliyoanza kuitumia nilisikia kitasa, kisha magurudumu. Nikakurupuka kwenda kusaidia, nikafika ukumbini, nikasimama. Kusimama pale kulikuwa kugumu kuliko kumbeba, na sifa hakuna. Akaenda, akarudi. Asubuhi akadai chai.

Hebu leo ukirudi nyumbani, hesabu ngazi zako. Kisha jiulize ni nani, kwa sababu yake, hanywi maji.