Riziki Isiyolimwa: Sababu na Tawakuli katika Uyoga wa Miombo ya Mikumi

Swali la uhusiano kati ya riziki, yaani kile ambacho Mungu humjalia kiumbe, na sababu, yaani njia ambazo kitu hupitia hadi kikatokea, hudhihirika vyema katika uyoga wa porini, kwa kuwa ni chakula ambacho mwanadamu hakukipanda, hakukipalilia, wala hana uwezo wa kukiamuru kiote. Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, kamaa, aina ya kuvu iotayo chini ya mchanga wa jangwani, imehesabiwa miongoni mwa mana, chakula walichojaliwa Wana wa Israeli bila kulima.

Hata hivyo, chakula kisicholimwa si chakula kisicho na sababu. Katika misitu ya miombo ya Kilosa, iliyo jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, aina nyingi za uyoga unaoliwa huishi kwa ubia na miti: nyuzi laini za kuvu huivika mizizi ya myombo na kuutafutia mti maji na madini, nao mti huzilipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani yake. Mvua za mwanzo wa msimu huamsha kile ambacho mti hai umekwisha kukilisha. Pale ambapo mizizi imekufa na udongo umeachwa wazi kwa jua kali, mvua ile ile hunyesha na uyoga huo usiote. Aina nyingine huota kwenye vichuguu, ambako mchwa huilea kuvu yake kwa mabaki ya mimea, hata mchwa wakitoweka nayo hutoweka.

Kuhusu sababu za namna hii, Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikana kwamba sababu huleta tokeo kwa nguvu yake yenyewe, akaurejesha uwezo wote kwa Mungu. Mwanafalsafa Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwamba anayekana sababu ameikana akili. Lakini Ghazali mwenyewe alifundisha kwamba tawakuli, yaani kumtegemea Mungu kwa moyo wote, si kuziacha sababu zilizo dhahiri, na kwamba asiyenyoosha mkono kukitwaa chakula kilicho mbele yake hana tawakuli bali ana upungufu wa akili.

Kwa hoja hiyo, anayefyeka msitu wote kwa ajili ya mkaa, au kuuchoma moto kila kiangazi, kisha akasema kwamba Mungu atatoa, ameuziba kwa mikono yake mlango ambao riziki hupitia. Mpango wa mkaa endelevu ulioanza Kilosa mwaka 2012, ukiongozwa na mashirika ya uhifadhi wa misitu ya TFCG na MJUMITA, uliweka utaratibu wa kuvuna vitalu vidogo kwa mzunguko wa miaka 24, ili visiki vichipue na msitu urudi. Subira ya namna hiyo iko karibu zaidi na tawakuli kuliko dua ya mwenye shoka asiyebakiza mti. Shukrani kwa riziki isiyolimwa haikamiliki kwa ulimi peke yake, hivyo kila anayekula uyoga wa miombo ana wajibu wa kuulinda mti, kivuli na kichuguu vilivyouotesha.